Chungu cha Mgonjwa

Katika mambo yanayomfuata mwanadamu tangu kuzaliwa mpaka kufa, hakuna lililo karibu naye kuliko chakula ila pumzi. Walakini pumzi huvutwa bila ya kufikiriwa, nacho chakula hutaka ardhi, jasho, moto na mikono ya watu. Kwa hiyo chakula si haja ya mwili peke yake. Ni mapatano baina ya watu: nani alime, nani apike, nani apakuliwe kwanza, na nani angoje. Mtu akila, hula pamoja na chakula chake nafasi yake katika nyumba. Mwenye afya aweza kuishi miaka mingi asilitambue jambo hili. Mgonjwa hulitambua siku ya kwanza.

Nasema juu ya mgonjwa wa maradhi yasiyoondoka. Yako maradhi yajayo kama mgeni: homa hupanda, dawa hunywewa, siku chache hupita, na mgeni huaga. Yako na maradhi mengine yajayo kama mtu aliyehamia: hutua mizigo yake, hutundika nguo zake ukutani, wala hana nia ya kuondoka. Kisukari, shinikizo la damu, selimundu, na mengi ya maradhi ya moyo na ya figo ni ya namna hii ya pili. Mwenye maradhi haya hapati faida kubwa kwa kuuliza, "Nitapona lini?" Swali lake ni, "Nitaishije?" Na kabla hajamaliza kuuliza, watu wamekwisha kumjibu. Tabibu, jirani, shemeji na mpita njia, wote humtajia chakula. Kula hiki, acha kile, rudia vyakula vya wazee, jihadhari na vyeupe vya dukani.

Ushauri huo una kweli ndani yake, wala sitaukataa. Ninalotaka kulipima ni jambo lililo nyuma yake. Ikiwa chakula kizima, yaani chakula kisichovuliwa asili yake mashineni wala kiwandani, humfaa mwenye maradhi ya kudumu, je, kukila ni wajibu wa nani? Ni wa mgonjwa peke yake, hata akishindwa ahesabiwe kuwa mkosa? Au ni wa wale wote wanaonawa mikono pamoja naye? Swali hili sikulipata vitabuni. Nililipata nyumbani kwa mama yangu, Kamunyonge, katika mji wa Musoma, na katika habari yake mimi nilikuwa mmoja wa waliokosa.

Mama alizaliwa kijijini upande wa Butiama, akaja mjini kwa ndoa, akalea watoto watano kwa biashara ya dagaa. Alipopita miaka sitini alianza kuona kiu isiyokatika na ganzi nyayoni. Akapimwa, akaambiwa ana kisukari. Alipewa vidonge na shauri la chakula. Nilipopata habari nilifanya kama wafanyavyo wasomi: nilisoma. Likizo ilipofika nilikwenda Musoma na mfuko wa unga wa ulezi, mfuko wa unga wa mtama, kunde, karanga, na karatasi niliyoiandika kwa mkono wangu, yenye safu mbili, vya kula na vya kuacha. Nikanunua na sufuria ndogo, nikamwambia dada yangu, "Hii ni ya mama."

Dada akatii. Tangu siku ile palipikwa mara mbili. Katika sufuria kubwa ulisongwa ugali mweupe wa sembe, na watu wakakaa kuuzunguka, wakila na kucheka. Katika sufuria ndogo ulisongwa ugali mweusi, ukapakuliwa katika sahani yenye kifuniko, ukapelekwa kwa mama peke yake. Miezi mitatu ya kwanza sukari ilishuka, nami nikajivuna. Mwezi wa sita ilipanda kupita mwanzo. Nilipouliza, niliambiwa ya kuwa mama huenda matangani na arusini akala ugali mweupe pamoja na wenzake, akanywa na soda; na hata siku zisizo na matanga wala arusi, hupita kwa jirani saa ya chakula. Nilimkabili kwa maneno ambayo sitayaandika hapa. Yalikuwa maneno ya mwalimu kwa mwanafunzi mtoro. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Baba, umeniletea chungu. Mtu wa kula naye hukumleta."

Sufuria ile yeye aliiita chungu kwa mazoea ya zamani. Neno lake lilinikata, nami nimelichukua kuwa mwanzo wa fikira zangu. Walakini haki yataka kwamba kabla ya kuwatetea walioshindwa na ushauri, ushauri wenyewe nao usikizwe.

Punje ya nafaka ina sehemu tatu: ganda la nje, kiini kidogo kinachoweza kuota, na wanga mwingi uliojaa katikati. Ganda lina nyuzinyuzi. Kiini kina mafuta na vitamini. Wanga una nguvu za kazi. Mahindi yakisagwa mazima huwa dona. Yakikobolewa kwanza, ganda na kiini huondolewa, na unga unaobaki ni sembe. Sembe ni nyeupe, laini, na hukaa ghalani muda mrefu zaidi, kwa sababu mafuta ya kiini ndiyo yanayoufanya unga uchache upesi. Tena weupe wake umepewa heshima ya ustaarabu. Pumba zilizotoka huuzwa kulisha kuku na ng'ombe. Hivyo mtu humlipa mwenye mashine amwondolee sehemu bora ya nafaka yake, akaibeba nyumbani iliyopungua, naye akaona amepata daraja.

Kwa mwenye kisukari hasara hii si ya maneno. Nyuzinyuzi huchelewesha sukari kuingia katika damu. Wanga mtupu huingia kwa haraka. Kunde, maharage, choroko, mchicha, mgagani, mlenda, karanga, na samaki wa ziwani, vyote hushibisha bila ya kuijaza damu sukari kama ijazwavyo na mkate mweupe, maandazi na soda. Kwa mwenye shinikizo la damu, kupunguza chumvi na kuongeza mboga na matunda ni msaada unaojulikana. Hata hivyo tusidanganyane. Ugali wa mtama nao ni wanga, na ugali wa muhogo ni wanga zaidi. Rangi nyeusi haimpi mtu ruhusa ya kula mlima. Kiasi ni nusu ya hekima ya chakula, na nusu hiyo haiuzwi katika mfuko.

Watafiti wamepima vilevile mabadiliko ya nyakati. Mwaka 1989 Donald McLarty na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya uchunguzi wa vijiji sita vya Tanzania. Katika watu waliopimwa, wenye kisukari walikuwa karibu mtu 1 katika kila 100. Uchunguzi wa taifa uliofanywa mwaka 2012 katika watu wa miaka 25 mpaka 64 ulionyesha kiasi cha watu 9 katika kila 100 wenye sukari iliyopanda katika damu, na kiasi cha 26 wenye shinikizo la damu. Hesabu hizi mbili hazilingani sawasawa, maana ya kwanza ilitoka vijijini na ya pili ilichanganya mji na kijiji, na umri wa waliopimwa haukuwa mmoja. Hata ukitoa tofauti hiyo, dalili yabaki: maisha yamehama, na maradhi yamehama pamoja nayo. Mtu wa jembe na wa makasia amekuwa mtu wa kiti na wa pikipiki. Kinu kimekuwa mashine. Maji ya mtungi yamekuwa soda.

Basi ushauri una msingi. Lakini juu ya msingi huo watu wamejenga makosa matatu, nami nataka kuyachukua moja baada ya moja.

Kosa la kwanza ni kukifanya chakula kuwa dawa iponyayo. Yupo mtu niliyemjua, mwenye kisukari kama mama, aliyeshawishiwa na mchuuzi wa unga wa majani kwamba mwili ukilishwa vyakula vya asili huacha kuhitaji dawa. Alitupa sindano zake. Alikula vizuri kuliko sisi sote, na kabla ya mwaka kwisha alikatwa mguu. Wanaohubiri mafundisho hayo hupenda kumtaja Hippocrates, tabibu wa Kiyunani, ya kuwa ndiye aliyeagiza chakula kiwe dawa na dawa iwe chakula. Usemi huo haumo katika maandiko yaliyobaki kwa jina lake. Hata kama ungalikuwamo, mwanadamu amekwisha kuujaribu, na historia ya majaribio hayo ni ya machozi.

Kabla ya mwaka 1922 kisukari cha watoto kilikuwa hukumu ya kifo. Tabibu hakuwa na kitu mkononi ila chakula. Katika Marekani, Frederick Allen aliongoza njia ya kuwalisha wagonjwa kidogo mno, karibu na njaa, ili sukari isipande. Njia ile iliongeza siku, lakini siku zenyewe zilikuwa za kufifia. Elizabeth Hughes, binti wa waziri wa mambo ya nje wa Marekani wa wakati ule, alilishwa hivyo mpaka akawa na uzito wa kilo 20 tu naye karibu atimize miaka kumi na mitano. Katika mji wa Toronto, Banting na Best walikuwa wamegundua insulini mwaka 1921, na Januari 1922 ikapewa mgonjwa wa kwanza, kijana Leonard Thompson. Miezi michache baadaye ikamfikia Elizabeth. Akanenepa, akasoma, akaolewa, akaishi mpaka mwaka 1981. Mwaka ule ule wa 1922, huku kwetu Butiama, alizaliwa Julius Nyerere. Nautaja mwaka huo ili wenyeji wa Mara wapate kipimo: umri wa dawa hii ni umri wa mtu ambaye wengi wetu tulimwona kwa macho. Vizazi vyote vilivyotangulia, pamoja na vyakula vyao vizima, havikuwa na cha kumpa mtoto yule ila kumzika. Chakula ni mwenzi wa dawa. Anayemwambia mgonjwa achague mmojawapo amemwambia achague mguu mmoja wa kutembelea.

Kosa la pili ni kudhani ya kuwa kila kilicho cha asili ni chema. Sisi watu wa Mara tumekatazwa kosa hili na historia yetu wenyewe. Mwaka 1985, wakati wa ukame, katika wilaya ya Tarime walionekana watu, hasa watoto na wanawake, waliolala wazima wakaamka miguu imekaza, wasiweze kutembea kama jana. Maradhi hayo huitwa konzo, jina lililotoka kwa Wayaka wa Kongo. Hayaendelei kuzidi, lakini hayaondoki. Aliyepatwa huishi nayo maisha yake yote. Watafiti walioyachunguza waliyahusisha na muhogo mchungu. Muhogo mchungu una sumu, na mababu walijua kuutoa ukali wake kwa kuumenya, kuuloweka au kuuvundika, kuuanika siku za kutosha, kisha kuusaga. Njaa haina subira. Ukame ulipoua mazao mengine, watu walifupisha njia, wakala muhogo ambao sumu yake haijatoka, tena wakaula karibu peke yake, bila ya samaki, maziwa wala kunde za kuusaidia mwili kuishinda sumu.

Ni chakula gani kilicho cha asili kuliko muhogo uliochimbwa shambani kwako? Haukupita kiwandani, haukutiwa rangi, haukufungwa katika karatasi. Na bado ulimfunga mtu miguu. Kilichoufanya muhogo kuwa chakula miaka yote iliyotangulia ni maarifa ya mikono iliyoutayarisha, na jamaa ya vyakula vingine vilivyokaa kando yake. Kwa hiyo tunaposema "vyakula vya wazee", tusisahau ya kuwa wazee hawakutuachia mimea tu, walituachia kazi. Anayeichukua mimea akaiacha kazi amerithi shamba, akatupa jembe. Kadhalika kiwezacho kumfaa mgonjwa mmoja huweza kumdhuru mwingine. Maharage, ndizi na mboga za majani, ambavyo nimevisifu kwa mwenye kisukari, mgonjwa ambaye figo zake zimechoka sana huenda akaagizwa na tabibu avipunguze. Wema wa chakula haukai ndani ya chakula peke yake. Hukaa baina ya chakula na yule anayekila.

Kosa la tatu ndilo lililokuwa langu, nalo ni zito kuliko mengine, maana huvaa nguo za upendo. Ni kukifanya chakula kuwa hakimu. Tukisha kujua ya kuwa chakula ni mojawapo ya sababu za maradhi, twaruka hatua moja pasipo kuangalia chini, tukasema mgonjwa ana hatia. Walakini sababu na hatia si kitu kimoja. Mvua ni sababu ya mafuriko, wala hakuna anayeishtaki.

Kisukari kina sababu nyingi: damu ya ukoo, umri, kazi, usingizi, uzito, na chakula. Wako watu wawili waliokula sahani moja miaka arobaini, mmoja akaugua na mwingine akabaki. Aliyebaki hupenda kuamini kwamba ni kwa busara yake. Imani hiyo humpa usingizi mtamu, na humnyang'anya mwenzake heshima. Katika hali hiyo kumlaumu mgonjwa huwa ni namna ya kujihakikishia nafsi ya kuwa yaliyompata yeye hayatatupata sisi.

Tena yafaa tuulize, uchaguzi wa mgonjwa ni mpana kiasi gani? Katika miji ya ziwani, kwa miaka mingi, minofu ya sangara imekwenda viwandani na kutoka huko ikasafirishwa ng'ambo, na watu wengi wa kipato kidogo wakanunua mifupa na vichwa vilivyobaki, ambavyo huitwa mapanki. Kumwambia mama wa nyumba hiyo, "Kula samaki," ni kumtajia jina la kitu kinachopita mlangoni kwake kikienda kwa wengine. Ulezi mara nyingi ni ghali kuliko sembe. Mboga zataka kuchumwa, kuoshwa na kukatwa, na muda huo yapasa utolewe na mtu, na mtu huyo karibu kila mara ni mwanamke aliyekwisha kuchoka. Mimi nilileta mifuko miwili ya unga nikaiita dawa. Sikuhesabu kwamba mifuko ingekwisha mwezi wa pili, wala kwamba jasho la sufuria ya pili lingemtoka dada yangu, si mimi.

Lakini juu ya hayo yote liko lile alilolisema mama. Katika nyumba zetu ugali huwekwa katikati, watu hunawa, mikono hukutana. Kumtenga mtu katika sahani yake hakukuwa jambo la bure katika mazoea ya watu. Alitengwa aliyeogopwa kuambukiza, au aliyekosana na wenzake. Kisukari hakiambukizi, nilijua hivyo, na dada alijua hivyo, lakini sahani yenye kifuniko ilisema neno jingine, na sahani husikiwa kuliko mhadhara. Mama hakuikimbia mboga ya mgagani. Alikulia juu yake. Hakuukimbia ugali mweusi. Mikono yake ilitwanga mtama kabla mimi sijazaliwa. Alikimbia upweke, akaenda kwa jirani kutafuta watu, na huko watu walikuwa wakila sembe.

Hapa msomaji aweza kuniuliza: je, mgonjwa hana wajibu wowote? Anao. Maisha yake si yake peke yake. Wako wanaomtegemea, na wako watakaomwuguza akiangukia kitandani. Kudharau mwili wake kwa makusudi ni kuwatwika wengine mzigo alioweza kuupunguza. Wajibu huo siufuti. Nasema tu ya kuwa wajibu hauwezi kumlazimu mtu mmoja pale ambapo tendo lenyewe si la mtu mmoja. Kula ni tendo la nyumba. Anayetaka mgonjwa awe mwaminifu katika kula, na awe mwaminifu pamoja naye katika kupika, kununua na kukaa kitako.

Wala mgonjwa asinyimwe kauli. Mithali yasema maiti haulizwi sanda. Mgonjwa si maiti, yeye huulizwa. Karatasi yangu ya safu mbili haikuwa na hata swali moja. Sikumwuliza kipi hupenda, kipi humkera tumboni, siku gani katika mwaka hawezi kukataa kipande cha keki ya mjukuu bila ya kumvunja moyo mtoto. Mtu mzima aliyeishi miaka sitini ana haki ya kupima furaha yake ya siku moja na sukari yake ya siku moja, ilimradi apime kwa kujua. Utunzaji usioacha nafasi ya hiari huokoa mwili na kumpoteza mwenye mwili.

Taifa letu liliwahi kulijua jambo hili. Mwaka 1973 paliendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya, na mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Watu wazima walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza mafunzo ya redio, wakasoma vijitabu, wakajadiliana, kisha wakapatana watakalolifanya. Katika ile ya kwanza walishiriki watu wapatao milioni mbili. Mwaka ule ule wa 1973 ndipo sheria ilipoanzisha Taasisi ya Chakula na Lishe. Sisemi kampeni hizo hazikuwa na kasoro, wala siombi zirudi kama zilivyokuwa. Ninachokitazama ni umbo lake. Hazikumwita mtu mmoja pembeni zikamwonya. Ziliwaketisha majirani pamoja, kwa maana mtu mmoja akijifunza kula vizuri katika mtaa unaokula vibaya, amejifunza kuwa mgeni kwao. Siku hizi elimu ya chakula humfikia mtu akiwa peke yake na simu yake kiganjani, naye akishindwa hushindwa peke yake pia. Maarifa yameongezeka, kikundi kimepotea.

Nirudi Kamunyonge, nipate kumaliza. Baada ya neno lile la mama, tulikaa jioni moja, watu wote wa nyumba, hata watoto, na mama akiwa mkuu wa baraza. Sufuria ndogo iliwekwa kando. Tulipatana chungu kiwe kimoja: dona iliyochanganywa na mtama siku nyingi, sembe siku chache; mboga mbili kila siku; chumvi ipungue; soda ibaki kwa sikukuu. Gharama tuligawana sisi watoto tulio na mshahara, kila mwezi, si kila likizo. Watoto walinung'unika karibu mwezi mzima juu ya ugali mweusi. Mama ndiye aliyewanyamazisha, kwa kuwasimulia jinsi ulivyotwangwa zamani, na kwa kuwafundisha kuuchovya katika mlenda. Mgonjwa aliyekuwa akipelekewa sahani amekuwa mwalimu wa chungu.

Sukari yake haikushuka chini kama katika miezi ile ya majivuno yangu. Ilikaa mahali ambapo tabibu huandika bila ya kukunja uso. Vidonge hakuviacha, wala hataviacha. Ganzi ya nyayo haikuondoka. Kila usiku mjukuu humtazama miguu kwa taa asije akawa na kidonda asichokisikia. Matangani hula kidogo cha kile wanachokula wenzake, akarudi nyumbani akasema mwenyewe alichokula, kwa kuwa hapana tena mtu wa kumhukumu. Maradhi yamebaki nyumbani, ila hayakai tena peke yake na mama chumbani.

Mwaka jana dada yangu naye alipimwa, akakutwa na shinikizo la damu. Tabibu alimpa dawa, akamweleza chakula kimfaacho: mboga zaidi, nafaka nzima, chumvi kidogo. Dada alimsikiliza, akashukuru, akarudi nyumbani kupika. Hapakuwa na haja ya kununua sufuria nyingine.